Maji Aliyoyaomba Haji

Siku ile nlikuwa napiga pasi nguo za altare, na mpaka leo nikisikia harufu ya kanji iliyoungua, ule uji wa kukazia nguo, hurudi palepale Mbweni, nina miaka kumi na tisa, mkono mmoja kwenye pasi ya makaa na mwingine ndani ya kikombe cha bati, nanyunyiza maji. Ilikuwa kipupwe. Upepo ulikuwa ukipita chumba cha nyuma cha kanisa, na nguo nyeupe kwenye kamba zikijaa hewa, zikinywea, zikijaa tena, nami nikizitazama hadi usingizi ukanijia nimesimama wima. Baba, aliyekuwa mwalimu wa dini wa misheni, aliondoka na padri tangu asubuhi kwenda mkutanoni mjini, kanisa kuu la Mkunazini. Nilibaki peke yangu, wala sikuwa na haraka.

Haji alikwishapita kuleta maziwa, kama kila siku. Alikuwa jirani yetu, mtoto wa Bi Mwanakheri, Mwislamu aliyekua nasi uwanja mmoja. Alikuwa na ng'ombe watano, baiskeli moja, na mdomo wa kuchokoza watu. Aliniuliza kwa nini nguo za kanisa zinanyweshwa uji kila wiki na bado hazinenepi. Nikamwambia aende zake kabla sijampiga pasi yeye. Akacheka, akamimina maziwa, akapanda baiskeli yake. Nilimpenda, na niseme tu, maana wote ambao wangenicheka wameshakufa.

Watu wakinisikia nikiita yale mambo vita, huniona mzee nimechanganyikiwa. Vita vya ng'ombe, vita gani hivyo? Serikali ya Mwingereza iliamuru ng'ombe wadungwe sindano. Wenye mifugo wa upande wetu wakakataa, kwa kuwa walisikia kuwa ng'ombe waliodungwa wanakufa, na kwa kuwa mashamba yao mengine yalishachukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, na sasa wanafuatwa hata zizini. Wakashtakiwa, wakahukumiwa kifungo. Siku ya hukumu, ndiyo siku hiyo ya pasi yangu, wenzao wakalifuata gari la wafungwa kwa mapanga na mawe, na polisi wakapiga risasi. Waliokufa walikuwa na mama zao, na makaburi yao yapo. Kama si vita, basi nipeni jina jingine.

Sisi wa misheni hatukuwa na ng'ombe. Bibi mzaa baba aliletwa Unguja na manowari iliyokamata chombo cha watumwa, akiwa mtoto asiyejua hata kabila lake. Misheni ikampa jina, kipande cha shamba na dini, na vitatu hivyo ukoo wetu ukavishika kwa mikono miwili. Baba alitufundisha dini kama askari wanavyofundishwa bunduki. Somo moja lilikuwa hili: mtu akiwa anakata roho na padri hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Lakini maji sharti yatiririke kichwani, kulowesha kidole hakutoshi. Tulijifunzia kwenye nazi iliyofuliwa, tukiibatiza kwa zamu, kila mtoto akiiita Petro, mpaka nazi ya watu ikawa Petro mara kumi na mbili. Baadaye mama aliikuna, tukailia wali.

Adhuhuri ilikuwa inakaribia niliposikia milio. Ilikuwa ya mbali, mikavu, nikadhani mtu anavunja kuni. Nikaendelea na pasi yangu.

Kitambo kikapita. Kisha baiskeli ya Haji ikaingia uani, lakini aliyeiendesha alikuwa mtu mwingine. Haji alikuwa amepakiwa nyuma, amefungwa kwa shuka mgongoni mwa mwenzake asianguke.

Yule mtu akamwingiza ndani, akamlaza kwenye saruji, akaniambia kanisani polisi hawataingia, nimfiche. Akakimbilia mikokoni. Sikumjua, na sijamjua hadi leo.

Risasi ilikuwa imeingia tumboni. Nilimkandamiza kwa nguo ya altare niliyotoka kuipiga pasi. Ilikuwa bado ina moto.

"Marta," alisema. "Nipe maji."

Kwenye kikombe yalibaki kama nusu. Kisima kilikuwa ng'ambo ya barabara, na barabarani nilisikia lori likisimama, na askari wakiteremka.

Nikamtazama. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya jivu. Nikajua anakufa, na nikajua kwamba akifa vile alivyo sitamwona tena, si hapa wala kule. Ndivyo nilivyofundishwa, na niliamini.

"Nipe ya kunywa," alisema.

Nikayamimina kichwani. Yote, ili yatiririke. Nikayasema maneno kama nilivyoyasema juu ya nazi, nikamwita Petro kwa kuwa sikuwa na jina jingine mdomoni. Maji yakampita masikioni yakaingia kwenye saruji. Yeye akatoa ulimi, akajaribu kuyafikia yale yaliyoshuka shavuni.

Nikamwambia angoje, nnakwenda kisimani.

Hakuna askari aliyenizuia. Mmoja wao, kijana mwenye macho ya usingizi, hata alinisaidia kuvuta ndoo, akaniuliza maji ni ya nini. Nikasema ya kupigia pasi. Nilirudi na maji ya kumtosha ng'ombe mzima, na Haji alikuwa amekwisha. Midomo yake ilikuwa mikavu.

Alasiri ndugu zake walikuja kumchukua. Wakamwosha, wakamsalia, wakamzika kabla ya magharibi, kwa jina lake. Nilikaa na wanawake nyumbani kwao, nimejitanda kanga, na ukuta wa mbele yangu nauona kama uko chini ya maji, unacheza. Hakuna aliyeniuliza kitu siku ile.

Baba aliporudi nilimweleza yote. Nilitaka anisifu, Mungu anisamehe. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mtu mzima huulizwa kwanza," alisema. "Asipotaka, huko si kubatiza. Na hilo niliwafundisha."

Kweli alitufundisha. Lakini nazi haiulizwi, na mimi nilichokishika katika somo lile ni mkono wangu juu ya ile nazi.

Kwa hiyo maji yale hayakuwa ubatizo, na hayakuwa kinywaji. Miaka mingi baadaye nesi mmoja aliniambia kwamba mwenye risasi ya tumbo hapewi maji, yangemdhuru, nijipumzishe moyo. Nilimshukuru kwa wema wake. Ila Haji alikuwa haombi kupona.

Siku ya tatu ya msiba nilikwenda kwa Bi Mwanakheri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akanivuta nikae naye kwenye mkeka. Alishaambiwa kuwa mie ndiye niliyekuwa na mwanawe mwisho. Hakutaka kujua habari za damu wala za polisi. Alisema mtu anapotokwa na roho hushikwa na kiu isiyo mfano, na shetani humjia na kikombe cha maji, akamwambia, iache dini yako nikunyweshe. Siku tatu alikuwa halali kwa kuiwaza kiu ile. Akanishika kiganja.

"Alikunywa, mwanangu?"

"Alikunywa, bibi," nikasema. "Akashiba."

Akafumba macho. Pumzi zikamtoka taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Basi ulimuwahi," alisema. "Ulimuwahi kabla ya shetani."

Tangu mwaka ule, kila Idi, mpaka alipofariki, sahani ya kwanza ya pilau iliyotoka jikoni kwake ilikuja kwangu, kabla ya ndugu zake na kabla ya wageni. Wajukuu walioileta walibadilika, wakakua, wakaleta wadogo zao, na wote walitumwa kwa maneno yaleyale: mpelekeeni yule aliyemnywesha Haji. Nilipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante, nikala.