Kidole Kwenye Silinda ya Kwanza

Lori la wafyatua matofali liliingia gereji likiburutwa kwa mnyororo, pua mbele, kama ng'ombe anayepelekwa asikotaka. Lilikuwa la zamani, taa zake zimetoka nje kama macho ya chura, na chini ya boneti mlikuwa na injini ya petroli yenye silinda sita zilizojipanga mstari mmoja. Siku hizi injini za aina hiyo utaziona zaidi kwa wauza vyuma chakavu kuliko barabarani. Hii ilichemka mlimani, gasketi ya hedi ikaungua, maji yakaingia kwenye oili. Tangu hapo lori lilikaa nyuma ya tanuri, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva.

"Daktari," alisema mwenyekiti wa ushirika, mama wa mikono mipana iliyopauka kwa udongo, "nusu ya wenzangu wanataka likatwe vipande. Nusu wanasema, ukilishika wewe, watangoja."

Daktari alimtazama midomo mpaka akamaliza. "Nitalishika," akasema.

Udaktari huo hakuupata chuoni. Madereva ndio waliompa, kwa sababu ya kipande cha mpira wa petroli alichokuwa akikiweka sikioni, ncha ya pili akiipitisha juu ya injini kama anayempima mtu kifua. Angefumba macho, asikilize, kisha aseme: valvu ya tatu imelegea. Ukifungua, ni ya tatu kweli. Watu walikuja na magari kutoka mbali ili tu ayasikilize, kama wanavyopeleka watoto kwa mganga mwenye mkono mzuri.

Asichojua mtu yeyote, si mkewe, si binti yake aliyefanya naye kazi kila siku, ni kwamba mpira ule sasa haukumletea kitu. Masikio ya Daktari yalikuwa yameondoka kidogo kidogo, kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Walitangulia ndege, kikafuata kifuniko cha birika, zikafuata sauti za wanawake, mwisho hata nyundo ikaanza kugonga kama imefungwa tambara. Miaka yote ile ya kusaga chuma na kuwasha injini zisizo na ekzosi, hakuna aliyewahi kumwambia azibe masikio, wala yeye hakuuliza. Chuma kilikula kilichokuwa chake.

Alificha kwa ujanja wa mwanafunzi asiyejua kusoma. Wengine wakicheka, alicheka. Mazungumzo aliyaanzisha mwenyewe, maana anayeuliza hana kazi zaidi ya kungoja mwenzake atikise kichwa. Nyumbani mkewe aliamua kwamba mume ameota kiburi uzeeni.

"Naongea na ukuta," alimlalamikia binti yao. "Tena ukuta una nafuu, haukoromi."

Angesema, lakini aliogopa, na woga wake ulikuwa na sura. Alikumbuka fundi aliyemfundisha kazi. Mikono ya yule mzee ilipoanza kutetemeka, hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Watu walisimamisha magari, wakashuka, wakamwamkia kwa adabu zote, kisha wakaenda gereji ya jirani. Heshima tele, kazi hakuna. Alikufa akiwa ameamkiwa vizuri sana.

Basi Daktari alilishika lori lile kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Likiwaka, jina lake litaishi. Lisipowaka, ataanza kuamkiwa.

Kazi yenyewe aliipenda. Yeye na binti yake waliinua injini kwa mnyororo, wakaifungua mpaka ikabaki boma tupu. Pistoni zilikuwa zimechubuka ubavuni. Krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ilipelekwa kwa mchongaji wa vyuma, ikarudi inang'aa kama bangili. Valvu alizisaga mwenyewe kwa mkono, moja baada ya nyingine, akizungusha kijiti katikati ya viganja kama anayepekecha moto, mpaka kila moja ikakaa mahali pake isipitishe hata tone la petroli. Kazi hiyo haikuhitaji masikio. Vidole vilitosha, na vidole vyake vilikuwa bado vijana.

Tumezoea kuambiwa kwamba kitu kikizeeka dawa yake ni kutupwa. Tumeambiwa hivyo mara nyingi mpaka tumeanza kuwatazama watu kwa jicho hilohilo. Lakini ukiiona injini kuukuu imefunguliwa juu ya meza, imeoshwa, kila nati mahali pake, unaona kwamba waliosema imekufa walikuwa wavivu tu wa kuifungua.

Binti yake alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwembamba, mwenye ulimi mwepesi, na ndio kwanza madereva walikuwa wameanza kumwamini. Sehemu ya moto ilikuwa yake: waya, plagi, koili, na distribyuta inayougawa moto kwa kila silinda kwa zamu. Ilipofika siku ya kuweka taimingi, yaani kuulinganisha moto na mwendo wa pistoni, yeye alishika hendeli mbele ya lori, baba akainama ubavuni.

Hapa yafaa tueleweshane, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka hapa. Katika injini ya silinda sita, pistoni ya kwanza na ya sita hupanda na kushuka pamoja, kama mapacha. Lakini zinapofika juu, moja inakuwa imebana hewa tayari kwa moto, na nyingine inasukuma nje moshi wa zamani. Alama ya kwenye puli haijui tofauti. Inafika mahali pake kwa hii na kwa ile. Kwa hiyo fundi hung'oa plagi ya silinda ya kwanza na kuziba tundu kwa kidole. Hewa ikikisukuma, hapo ndipo. Wote hufanya hivyo, isipokuwa Daktari. Yeye tangu ujana aliacha tundu wazi akasikiliza pumzi ya injini ikitoka, akawacheka wenye vidole.

Siku hiyo naye aliacha tundu wazi. Binti alizungusha hendeli. Daktari aliinamisha kichwa, akafumba macho kama kawaida, na akasikia kimya. Alipofumbua, alama ya puli ilikuwa imefika.

"Simama hapo, mama," akamwambia binti yake.

Binti alisita. Alidhani masikio yake hayakunasa pumzi yoyote. Lakini yeye alikuwa mbele ya lori, upepo unavuma, na huyu alikuwa Daktari. Nani amfundishe samaki kuogelea? Akatumbukiza distribyuta kama alivyoelekezwa, akaikaza.

Siku ya kuwasha, wanaushirika walikuja wengi, na udongo wao miguuni. Shemeji yake Daktari, mdogo wa mkewe, ndiye dereva wa lori, na alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili ya shughuli hiyo.

"Unakwenda kuoa?" mwenyekiti alimuuliza.

"Huyu ndiye mke wangu wa kwanza," shemeji akajibu, akipiga mlango wa lori. "Wa nyumbani anajua."

Akapanda, akapiga stata. Injini ilizunguka mara chache kwa uvivu, kisha kabureta ikatema moto. Ulimi wa njano uliruka juu, watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Daktari hakusikia mlipuko. Aliona moto tu, na akanusa nyusi zake zikiungua.

"Jaribu tena," akasema.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mzee mmoja wa tanuri akajipukuta suruali. "Sisi moto tunao wa kutosha kule kwetu," akasema. "Tulikuja kutafuta lori." Wengine wakacheka, lakini kicheko hakikukaa. Mmoja akaanza kumweleza mwenyekiti habari za mtu anayekata vyuma.

Binti alimvuta baba yake hadi nyuma ya gereji, penye rafu ya matairi. Akamgeuzia mgongo, akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu. "Baba," akasema kwa sauti ya kawaida, "mama anaumwa, amepelekwa hospitali."

Hakuna jibu. Aligeuka. Baba yake alikuwa anatazama mikono yake.

Binti alimshika bega, akamsogelea mpaka wakatazamana. "Tangu lini husikii?"

Daktari alifungua mdomo kukanusha. Akaona macho ya mtoto wake yamejaa machozi, akaufunga.

"Muda," akasema mwishowe. "Umeniambia nini sasa hivi?"

"Uongo. Mama mzima, yuko nyumbani anakusema." Akafuta uso kwa mkono wa ovaroli, akajipaka grisi shavuni. "Siku ile ya taimingi hukusikia pumzi. Ulifuata alama."

"Nilifuata alama."

"Distribyuta imekaa kinyume. Rota inaangalia waya wa sita. Nikiigeuza nusu duara inawaka, Baba, kazi ndogo. Nitoke niwaambie nimekosea mimi. Umeme ni kazi yangu, wataamini."

Wataamini, ndiyo. Daktari aliliona hilo lote kwa mara moja. Wataamini haraka mno. Watasema, tulijua, msichana. Kesho dereva akileta gari lenye hitilafu ya waya atauliza kama hakuna mtu mwingine. Yeye atabaki Daktari, na mtoto wake ndiye atakayeanza kuamkiwa, kabla hata hajaota mvi.

"Hapana," akasema.

"Baba, watu wanaondoka."

"Basi twende kabla hawajaondoka."

Alitoka, akasimama mbele ya lori ili awaone wote. Hakujua sauti yake ilikuwa kubwa kiasi gani, akaona tu watu wakigeuka hata waliokwisha kufika barabarani.

"Kosa ni langu," akasema. "Si la injini wala la binti yangu. Taimingi niliiweka kwa masikio, na masikio sina. Yamekwisha zamani, nikawaficha. Mkitaka kulichukua lori mlipeleke kwingine, nitawasaidia kulisukuma. Mkinipa muda kidogo, nitaliweka tena, safari hii kwa kidole."

Kimya kilichofuata hakikumsumbua. Kwake kila kitu kilikuwa kimya. Kilichomsumbua ni nyuso. Alizipitia moja moja akitafuta ile adabu anayoijua, ile ya watu wanaojiandaa kwenda gereji ya jirani.

Mwenyekiti alisogea mpaka mbele yake kabisa. Akainua kiganja, akakikunjua ili Daktari akione. Kidole cha shahada na cha kati havikunyooka.

"Kalibu ya matofali," akasema polepole, midomo wazi. "Miaka ya kufyatua. Huyu mzee hapa, moshi wa tanuri umemla jicho moja. Yule pale mgongo. Hakuna mzima hapa, Daktari. Ungetuambia tu, tungekupigia kelele tangu mwanzo." Akawageukia wenzake. "Kuna mwenye haraka?"

Hakuna aliyekuwa na haraka. Mzee wa jicho moja aligeuza ndoo juu chini akaikalia.

Binti alishika hendeli. Daktari aling'oa plagi ya kwanza, akabandika kidole gumba juu ya tundu kama mwanagenzi. Hendeli ikazunguka. Mara ya kwanza alama ilipofika, kidole kilitulia, hakuna kitu. Akatikisa kichwa: endelea. Hendeli ikazunguka tena, nzito zaidi, na chini ya ngozi akahisi hewa ikijikusanya, ikisukuma, mpaka ikakibandua kidole chake kwa nguvu kama mtu anayetaka kupita. Alama ikafika. Alicheka peke yake. Kumbe wenye vidole walikuwa wanapata haya yote, na yeye akiwacheka.

"Hapo," akasema. Binti akaing'oa distribyuta, akaigeuza, akairudisha.

Shemeji akapiga stata. Lori likatikisika, likasita, kisha Daktari akaona vichwa vyote vinainuka pamoja, na maji kwenye beseni la kunawia yakaanza kutetemeka. Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha valvu. Ilikuwa inakwenda, silinda sita zikipokezana. Lakini si zote sawa. Kulikuwa na kilema mahali, pigo moja linachechemea. Akamtazama binti yake, naye alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Aliinua vidole vinne, kwa shaka. Daktari aligusa ekzosi haraka haraka kwa ncha ya kidole kilicholowa, akakuta moja haichomi kama wenzake. Akaonyesha: tano. Binti akaukaza waya wa plagi ya tano, na injini ikanyooka mpaka mwenyekiti akapiga makofi kwa mikono yake iliyopinda.

Jioni mkewe alisikia habari kwa mdogo wake kabla mume hajavua viatu. Alimkalia mbele, akamshika kidevu. "Kwa hiyo miaka hii yote hukunidharau?"

"Nilikuwa sikusikii."

"Sijui lipi nafuu," akasema, na akaanza kumrudishia kila kitu alichowahi kumwambia, tangu mwanzo, uso kwa uso.

Asubuhi yake pikapu moja ilisimama mlangoni mwa gereji. Dereva alishuka, akamwamkia Daktari kwa adabu kubwa, akabaki amesimama, hajui aongee vipi. Daktari alimtazama miguu, aone kama itaelekea gereji ya jirani. Kisha yule mtu akaanza kupaza sauti, mishipa ya shingo imemtoka.

"Usijichoshe," Daktari akamwambia. "Simama hapa kwenye mwanga, nione midomo. Haya, inaumwa nini?"

"Inagonga," dereva akasema taratibu. "Nikipandisha mlima."

Daktari akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini, na kwa mkono wa pili akampungia binti yake aje.