Mwalimu Aguti na Mnyororo wa Kiyeyi

Anjeline Aguti alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari ya wasichana karibu na Tororo, mashariki mwa Uganda, na mpaka mwaka 1965 hakuna aliyemjua kwa hasira. Alikuwa mwanamke wa kabila la Wateso, mrefu, mpole, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba wasichana wa nyuma walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Hasira ilimjia siku moja ya mwezi wa Juni, huko Kiyeyi, na haikumtoka tena.

Alikuwa amekwenda kumtafuta Abbo, mwanafunzi wake wa kidato cha pili, msichana wa miaka kumi na sita aliyepata majibu ya aljebra kichwani kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali. Baada ya kufiwa na mama yake, Abbo aliacha kulala. Akaanza kusikia watu wakimwita kutoka darini. Siku moja, katikati ya somo la Biblia, alisimama akawaamuru wenzake wanyamaze ili asikie vizuri anachoambiwa. Wakacheka. Akapiga kioo cha dirisha kwa ngumi. Mwalimu mkuu aliita wanaume wawili, wakamfunga kamba na kumpakia kwenye lori la pamba. Aguti siku hiyo hakuwapo. Aliporudi aliambiwa kwamba Abbo amekwenda kupumzika.

Wiki tatu zikapita bila habari, ndipo Aguti akapanda baiskeli akaenda Kiyeyi, kijijini kwa kina Abbo.

Alimkuta Abbo jikoni, mguu mmoja umefungwa kwenye nguzo kwa mnyororo wa ng'ombe. Mkono uliokatwa na kioo ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Ugali wa wimbi ulikuwa mbele yake, haujaguswa.

"Madamu," Abbo akasema, "umeleta hesabu?"

Aguti alitoka nje. Baba wa Abbo, mkulima aliyeitwa Othieno, alikuwa amesimama uani, kofia mkononi.

"Mzee, nani amefunga mtoto?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Barua ya shule ilisema funga yeye. Ilisema mimi naacha yeye kutembea, polisi nakuja. Mimi sijui kusoma, Madamu. Katekista ndiye alinisomea. Sasa mimi nakataa namna gani? Shule ni watu wa kujua."

Aliileta ile barua. Ilikuwa ya taipu, ina muhuri. Ilisema msichana ni kichaa, afungiwe nyumbani la sivyo polisi waitwe, na shule nyingine yoyote isimpokee. Aguti aliisoma mara mbili.

"Fungua yeye, Mzee. Sasa hivi. Polisi wakija, waambie wanitafute mimi."

Jumatatu iliyofuata aliingia kwenye mkutano wa walimu akaisoma barua hiyo kwa sauti, neno kwa neno.

"Hapa si hospitali," mwalimu mkuu alisema.

"Hospitali haifundishi aljebra. Shule haimtaki. Basi aende wapi?"

"Hilo si swali letu."

"Ni swali la nani? Mlimpokea hapa akitembea kwa miguu yake, mkamrudisha kwa baba yake amefungwa kama mbuzi wa mnada! Na nyote mlikuwapo. Nyote!"

Ijumaa hiyo Aguti aliacha kazi.

Huko Rubongi, si mbali na Tororo, mwenye duka mmoja alimpa chumba cha nyuma alichokuwa akihifadhia magunia, naye akamchukua Abbo akae naye huko. Tabibu wa zahanati, Okware, aliandikia hospitali ya Kampala mpaka vidonge vya Abbo vikapatikana. "Dawa inatuliza zile sauti," alimwambia Aguti. "Lakini mtoto akimeza dawa na kukaa bure kutwa nzima, kichwa nakufa. Wewe fundisha yeye."

Akafundisha. Abbo alikuwa wa kwanza. Akaja Ekaju, kijana wa Lumino aliyekaa mwaka mzima bila kusema neno shuleni, akichapwa kila siku kwa kosa hilo hilo. Akaja Mildred, aliyevuka kutoka Busia ya Kenya baada ya kufukuzwa shule mbili. Kufikia 1967 walikuwa tisa. Hapakuwa na fimbo. Aliyezidiwa alitoka nje, akakaa, akarudi alipoweza. Tarumbeta ya kambi ya jeshi iliyokuwa jirani ilipolia na kuwashtua, Aguti alinyamaza nao mpaka ikaisha.

Watu waliiita shule ya wendawazimu. Siku moja mawe yalianguka juu ya mabati. Aguti alitoka na chaki yake mkononi, akasimama katikati ya barabara.

"Aliyetupa aje atupe mbele yangu!"

Hakuna aliyekuja.

Mtihani wa kidato cha nne ulipokaribia, kila shule ya upande wa Tororo ilikataa kuwapa Abbo, Ekaju na Mildred nafasi ya kuufanya. Aguti akavuka mpaka akaenda kwa Rasto, mwalimu mkuu mmoja wa Busia, Kenya.

"Nitawapokea hao watatu walio tayari," Rasto alisema, "lakini wakubwa wanataka askari asimame mlangoni."

"Askari wa nini? Wataiba mraba wa kumi na mbili?"

"Mwalimu, mimi pia naona aibu. Lakini bila askari hawaingii."

Aguti akakubali. Siku ya mtihani wa hesabu alisimama nje ya ua, haruhusiwi kuingia, akimtazama askari mwenye rungu akiwalinda watoto watatu wenye penseli. Katikati ya mtihani sauti zilimrudia Abbo. Aliomba kukaa sakafuni, mgongo ukutani. Msimamizi alimruhusu. Alimalizia pale chini.

Abbo na Mildred walifaulu. Ekaju alishindwa, naye Aguti akamwambia wataanza upya Jumatatu.

Miezi michache baadaye ofisa wa elimu alikuja Rubongi na mpiga picha. Alisifu sana, akaomba wanafunzi wapangwe mstari.

"Umeleta kibali cha shule?" Aguti aliuliza.

"Hilo bado linafikiriwa."

"Umeleta vitabu? Mwalimu mwingine?"

"Madamu, tuanze na picha."

"Miaka mitatu nimeandika barua, hujajibu hata moja. Ukawanyima mahali pa kufanyia mtihani. Leo wamefaulu, unataka kusimama katikati yao ucheke? Toka darasani mwangu."

Ofisa alitoka. Kibali hakikuja mwaka huo wala mwaka uliofuata. Chuo cha ualimu kilimkataa Abbo bila hata kumwita, kwa hiyo Aguti akampa afundishe hesabu zote za madarasa ya chini. Asubuhi Abbo alifundisha, mchana Aguti aliketi kwenye gunia kuandika barua nyingine kwa serikali, akikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka.