Kandambili Yangu Pembeni ya Picha

Ile picha niliitambua kwa kandambili yangu, si kwa mguu wa bibi.

Tulikuwa bwaloni, shuleni kwetu Kibaha. Mgeni alikuwa amekuja kutufundisha namna ya kuandika ripoti ya utafiti. Ni mtafiti wa magonjwa, mtu mpole, shati limenyooshwa kwa pasi, anatuita "wanasayansi wangu." Mwalimu wa baiolojia alikuwa ametundika shuka jeupe ili picha zionekane. Kwenye shuka ukatokea mguu. Mkubwa, ngozi imekunjamana kama gome, vidole vimezama ndani ya nyama, umewekwa juu ya kigoda. Na pembeni kabisa, chini, mguu mdogo wa mtu mwingine ndani ya kandambili ya bluu iliyofungwa kwa waya.

Huo waya niliufunga mimi.

Bwalo likalipuka.

"Oya, hilo gogo la mnazi!"

"Huyo akikupiga teke unatua Mlandizi bila nauli!"

"Na hiyo kandambili ya waya je? Fundi apewe maua yake!"

Niliyekaa naye benchi moja alinipiga kiwiko, machozi ya kicheko yanamtoka, na mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Mimi ni mtu ambaye nikiitwa jina darasani najibu "nipo" kwa sauti ndogo mpaka mwalimu ananiita tena. Ningesimama vipi mbele ya bwalo zima niseme huyo ni bibi yangu, mama yake baba?

"Msicheke, wanasayansi wangu," mgeni akasema. "Haya ni matende. Yanaletwa na minyoo inayosambazwa na mbu. Huyu ni mshiriki wetu mmoja, kule Kisarawe. Picha kama hii ukiiweka mwanzo wa ripoti, msomaji haachi kusoma."

Mshiriki. Nikaliandika hilo neno kwenye daftari, maana kila mtu alikuwa anaandika.

Watu wake walikuja Chole, kijijini kwa bibi huko Kisarawe, nikiwa likizo, kidato cha kwanza. Vijana watatu, gari wameliacha barabarani kwa sababu ya tope, wakapita katikati ya mihogo wakibeba masanduku yao. Bibi alichinja kuku kabla hajaelewa wanataka nini. Alipoelewa hakukasirika. Alikubali kutolewa damu, akaweka dole gumba pale walipomwonyesha, ila kwenye picha akagoma mpaka nilete beseni auoshe mguu kwanza.

"Mguu mbaya sawa," alisema. "Mchafu, hapana."

Ndiyo maana nikawemo pichani. Nilikuwa nimesimama na beseni.

Wakati wa kuondoka, dada mmoja kati yao alimshika bibi mikono miwili, akamwambia, "Bibi, majibu ya damu tutakuletea mwenyewe hapa hapa."

"Nitasubiri, mwanangu," bibi akajibu.

Na akasubiri. Watu wa mjini hawawezi kuelewa bibi yangu anavyosubiri. Kwake, mtu akikwambia kaa, chakula kiko jikoni, unakaa. Hata moto ukizimika unakaa. Huinuki kwenda kubisha hodi nyumba ya pili, maana utakuwa umemvua nguo aliyekukaribisha. Kwa hiyo ule mguu ulipoanza kumpa homa, unawaka moto na kutoa maji kati ya vidole, baba alimsihi waende hospitali ya Kisarawe, bibi akakataa.

"Watu wameshabandika chungu kwa ajili yangu, wewe unanipeleka nikaombe wali kwingine? Wakija na majibu wakakuta nimeshatibiwa na wengine, uso nitauweka wapi?"

Baba alifoka, akanuna, mwisho akaacha. Homa zikaendelea kuja na kuondoka, na kila zikiondoka zinauacha mguu mnene zaidi. Mimi bibi ananiita mke mwenza, ndio utani wetu. Kila likizo, kabla sijaweka begi chini, ananiuliza, "Mke mwenzangu, huko kwa wasomi, hujawaona watu wangu?"

Watu wangu. Alikuwa anawaita hivyo.

Sasa huyu hapa mkubwa wa watu wake, anakunja waya wa mashine ya picha bwaloni, wenzangu wanakimbilia chakula. Wakati wa maswali sikunyoosha mkono. Nilimsubiri nje, karibu na gari.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanasayansi wangu. Una swali?"

"Yule mwenye mguu. Majibu yake alipelekewa?"

Hakunidanganya, hilo nampa. Alitikisa kichwa.

"Hapana. Unajua, damu ikishachukuliwa tunaondoa jina, inabaki namba. Ni kwa ajili ya kumlinda, siri yake isitoke. Hata mimi simjui ni nani. Tunachoandika ni matokeo ya watu wote kwa pamoja."

"Lakini aliahidiwa."

"Aah. Vijana wakienda huko wanaingiwa na huruma, wanasema mengi." Akaniangalia vizuri. "Kwani unamfahamu?"

"Hapana," nikasema.

"Basi usiwe na wasiwasi. Mtu kama yule aende tu hospitali ya wilaya. Watamwonyesha namna ya kuutunza mguu, na dawa zipo."

Hiyo "tu" yake nimelala nayo, nimeamka nayo. Aende tu. Jina lake wamelificha hata wao hawalijui, lakini mguu wake bwalo zima limeuona, mpaka na waya wa kandambili yangu.

Likizo ilipofika nilikwenda Chole. Bibi alikuwa uani amenyoosha mguu kwenye mkeka, nzi wanamsumbua.

"Mke mwenzangu, hujawaona watu wangu?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga kumwambia ukweli. Nikamtazama, nikaona kwamba akijua hakuna chungu kilichobandikwa, ataona aibu ya kukaa miaka yote hiyo akinusa moshi wa bure. Na bibi yangu akiona aibu hatoki ndani.

"Nimewaona," nikasema. "Wanakuita hospitali ya Kisarawe. Majibu yako huko."

Kesho yake alioga, akavaa kanga mpya, akaniambia nikamate jogoo nimfunge miguu, tuwapelekee. Hospitalini tulikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine, jogoo chini ya benchi. Hakuna aliyekuwa anatungoja. Nesi aliuosha ule mguu taratibu kwa sabuni, akafuta katikati ya vidole kimoja kimoja, akaonyesha na mimi nione. Kisha akauliza, "Bibi, na homa zote hizo, nyumbani ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilikuwa nasubiri majibu, mwanangu. Ndio wameniita leo."

Nesi akanitazama. Mimi nikamtazama jogoo.

"Homa tutazipunguza," nesi akasema, ananiambia mimi zaidi. "Lakini uvimbe mwingi hautaondoka. Angekuja mapema ungekuwa mguu mwingine huu."

Bibi hakusikia, au alijifanya. Alikuwa anamsukumia jogoo: ampelekee mkubwa wao, yule aliyemkumbuka. Nesi akakataa, akacheka kwa upole, akasema huyo mkubwa hayupo hapo.

Tulirudi na dawa na jogoo wetu. Bibi alimwombea yule mtu dua hadi nyumbani, Mungu ampe umri, ampe watoto, msomi asiyesahau maskini. Kila akimaliza ananisubiri. Nami nikawa naitikia "Amina," kwa ile sauti yangu ya "nipo."

Jogoo yuko Chole mpaka leo. Hata sikukuu ilipofika, bibi hakuruhusu achinjwe. Anasema yule ni wa watu wake, watakuja kumla wenyewe.