Mama Beleshi na Mbwa wa Mwenyekiti

Watu wenye mbwa wako mafungu mawili: wanaookota na wanaotazama mawingu. Katika bustani yetu ya manispaa wanaookota ni watatu tu, na mmoja wao ni mzee asiyeona vizuri, hupapasa nyasi mpaka akipate kinyesi cha mbwa wake. Waliobaki wote, na macho yao mazima, wamemwachia Mama Beleshi.

Mama Beleshi ni dada wa marehemu mke wangu, kwa hiyo ni shemeji yangu, na ndiye aliyeniombea kazi ya geti nilipokuwa sina mbele wala nyuma. Amefagia bustani hii miaka kumi na tisa. Manispaa ilimpa chumba kimoja nyuma ya vyoo, na humo amelea watoto watatu mpaka wakaoa na kuolewa. Kitanda chake kimeegemea ukuta wa mabomba. Mtu akivuta maji, yeye anajua.

Saa kumi na mbili asubuhi yuko kazini. Kwanza anaokota uchafu wa binadamu: chupa, maganda, nepi zilizokunjwa vizuri na kuwekwa juu ya benchi, hatua tatu kutoka kwenye pipa. Hatua tatu! Kisha anachukua beleshi na kizoleo na kuanza uchafu wa mbwa. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Wahenga hao hawakuwahi kuyafagia.

Anavijua vinyesi vyote na wenyewe. "Huyu ni yule mweupe wa ghorofani," ataniambia, "kala karoti tena." Mwenye mbwa huyo mweupe ni mama mmoja mstaarabu sana. Anaokota, anatia kwenye mfuko, anaufunga fundo zuri, halafu anautundika kwenye ua wa michongoma na kwenda zake. Sijui anadhani ni tunda, litaiva.

Lakini wote hao ni cha mtoto mbele ya Mwenyekiti wa kamati ya usafi ya bustani. Ni daktari wa meno, ana mikono misafi kuliko yote niliyowahi kuiona, na ana mbwa mkubwa kama ndama. Kila asubuhi anapita getini kwangu na mfuko wa plastiki mkononi ili watu wauone. Mfuko ni uleule tangu mwaka jana. Una mikunjo ileile. Mbwa anachuchumaa, Mwenyekiti anaupunga mfuko hewani, anatazama saa, anaondoka.

Na ni huyohuyo aliyeitisha mkutano. Wakazi walikuwa wamelalamika kwamba bustani inanuka, naye akapata dawa: Mama Beleshi amechoka, aondoke, iletwe kampuni yenye mashine, na chumba chake kiwe stoo ya mashine hizo. Nyani haoni kundule.

Siku moja kabla ya mkutano shemeji alikuja getini, akakaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa.

"Shemeji, kesho nasema," akaniambia. "Namtaja kwa jina."

"Sema. Mimi niko nyuma yako."

"Nyuma yangu wapi? Huku getini?"

"Nitasimama palepale, dada. Haki ya nani tena."

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi, viti vya plastiki vimepangwa juu ya nyasi. Mwenyekiti alimfunga mbwa wake kwenye mguu wa meza na kuongea nusu saa kuhusu ustaarabu. Kisha akamgeukia shemeji, ambaye alikuwa amesimama pembeni na vifaa vyake kwa sababu hakuna aliyemwekea kiti.

"Mama, una la kusema kabla hatujapiga kura?"

"Ninalo, mzee. Nimefagia hapa miaka kumi na tisa. Kinachonuka nakijua, na mwenyewe namjua. Ni mbwa wa..."

Hapo hapo mbwa akachuchumaa. Wallahi, kama kaitwa kutoa ushahidi. Mbele ya kamati nzima, mbele ya wakazi arobaini, mchana kweupe, na akatoa mzigo wa haja. Watu wote wakavaa miwani ya mbao. Mama wa ghorofani akatafuta kitu ndani ya mkoba. Mwenyekiti akatazama mawingu.

Nikasema moyoni: usiguse, dada. Acha kikae hapo. Usiguse.

Akainama. Sikumwona hata akifikiri. Beleshi likapita, kizoleo kikapokea, nyasi zikabaki safi kama hakujatokea kitu. Miaka kumi na tisa ilikuwa imeufundisha mkono wake kutosubiri ruhusa. Alipoinuka, kizoleo kimeshamwagwa kwenye ndoo juu ya vinyesi vingine vya asubuhi hiyo, ndipo uso wake ukabadilika. Alikuwa ameelewa alichofanya.

"Endelea, mama," Mwenyekiti akasema kwa upole. "Mbwa wa nani?"

"Wako. Amefanya hapo sasa hivi. Wote mmeona."

"Wapi?" Akainama kutazama nyasi. "Jamani, nani ameona?"

Arobaini, na hakuna aliyekohoa. Niliwadharau mpaka mate yakawa machungu mdomoni. Halafu Mwenyekiti akainua macho, akanitazama mimi.

"Mlinzi, wewe umesimama karibu. Umeona kitu?"

Shemeji naye akanigeukia. Hakuniomba kwa macho wala nini. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayejua atapewa kilicho chake.

"Sikuwa naangalia huko, mzee," nikasema.

Kura ikapigwa. Akapewa mpaka mwisho wa mwezi kuhama. Alichukua ndoo yake akaenda kuimwaga, kwa sababu ilikuwa imejaa.

Walipotawanyika nilirudi getini. Viti walikuwa wameviacha vilivyo, na chupa za maji chini yake. Mwenyekiti alikuja na mbwa wake mbele na mfuko wake mkononi, nami nikawafungulia mbawa zote mbili za geti, ingawa moja ingewatosha. Alinipigapiga begani kwa ule mkono wake msafi.

"Wewe ni mtu mzuri," akasema.

Nina miaka hamsini na sita. Nikasema asante, mzee.