Bi Zambarau na Mpira Uliooshwa

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha birika kinagongagonga jikoni. Mama mkwe ameshaamka. Anammiminia chai mke wa mwanawe, anafunika kikombe kwa kisahani isipoe. "Kunywa kwanza, mwanangu. Mwenye njaa hamfai mgonjwa."

Mke huyo ni mtaalamu wa maabara hospitalini. Wenzake humwita Bi Zambarau, maana vidole vyake havitakati rangi.

Kazi yake ni kuchunguza mipira ya kupitishia mkojo iliyochomolewa kwa wagonjwa. Ndani ya mpira bakteria huweza kujijengea utando mtelezi, wakajificha humo. Dawa haiwafikii vizuri, na mkojo huenda ukaonekana safi. Bi Zambarau hukata kipande, hukitia rangi ya zambarau, kisha hukisuuza taratibu kama anamwogesha mtoto mchanga. Penye utando, rangi hung'ang'ania.

Wiki iliyopita alikuwa akimhangaikia mzee mmoja, fundi viatu, aliyewekewa mpira. Homa yake ilikuwa ikishuka na kupanda tena, na vipimo vya mkojo havikuonyesha kitu. Mkewe alishaanza kuuliza kama amrudishe nyumbani akafie kitandani kwake.

Bi Zambarau akaomba mpira wenyewe uchomolewe, aletewe. Muuguzi akauleta unang'aa, unanukia sabuni.

"Umeuosha, mdogo wangu?"

"Sasa dada, nikuletee uchafu mkononi? Nina adabu zangu."

Bi Zambarau akacheka mpaka akatafuta kiti. "Adabu zako zitaniponza. Huo uchafu ndio niliokuwa nautaka."

Muuguzi akainamisha kichwa, machozi yakimlenga. Hakugombezwa. Bi Zambarau akamvutia kiti naye akae. "Umeosha nje tu. Njoo tutazame ndani."

Wakaupasua kwa urefu. Wakakwangua kidogo cha kuotesha, wajue ni bakteria gani, kilichobaki wakakitia rangi. Nje ulikuwa safi. Ndani, ukanda mzito wa zambarau.

Bakteria walipoota, daktari akajua dawa ya kuwamaliza. Mzee hakuwekewa mpira mwingine, wasipate tena pa kujificha.

"Nashukuru yule binti muuguzi alikubali kukaa," Bi Zambarau anamwambia mama mkwe huku akinywa chai. "Angekimbia kwa aibu, ningefanya peke yangu na asingejifunza. Sasa tutazunguka wodi zote pamoja, tuwaambie mpira uletwe kama ulivyotoka."

Leo anapita wodini. Mzee ameketi, anakunywa uji mwenyewe, na mkewe anampepea bila sababu.

"Binti yangu, sina cha kukupa," anasema mzee.

"Huo uji unavyoshuka umenitosha, baba."

"Basi kesho upite tena. Hapa kila anayekuja ana sindano. Wewe njoo tukae tu."