Shangazi wa Kitufe

Fundi cherehani wa mtaa wetu ana wivu, na wala hafichi. Mumewe akisifia chai ya jirani, wiki nzima anajipikia mwenyewe. Kwa hiyo afisa ustawi alipomletea mtoto wa kike aliyepotezana na mama yake watu walipokuwa wakikimbia mapigano, sisi majirani tulijua kazi ipo.

Mtoto alikuwa na miaka miwili hivi. Fundi alimpa jina la Kitufe, maana kutwa hakubanduka kwenye kopo la vitufe vya nguo. Sharti la ofisi lilikuwa moja: mlezi aitwe shangazi, kamwe si mama, ili nafasi ya mama ibaki wazi mpaka apatikane. Fundi alikubali shingo upande. Kila jioni alitakiwa amzungumzie mtoto habari za mama yake, naye alizimaliza kwa maneno mawili, haraka haraka. Kitufe akisema mama anaimba, basi na fundi ataimba, na sauti yake, Mungu amsamehe, inakwaruza kuliko mkasi butu.

Mwaka haukuisha, mama akapatikana. Wakakutanishwa ofisini. Fundi alinieleza mwenyewe alivyomkagua yule mwanamke kuanzia kichwani hadi viatuni akitafuta kasoro, akakuta masikio yale yale ya Kitufe. Roho ikamuuma.

Mtoto hakumtambua mama yake. Alipobebwa akaangua kilio, akajipinda, akamnyooshea fundi mikono. Afisa akasema kwa upole kwamba asipotulia, leo haondoki. Atarudi kwa mlezi, wajaribu siku nyingine. Mama mtu akabembeleza, akaimba. Wapi!

Dawa yake fundi aliijua: Kitufe akisuguliwa kisigino hunyamaza. Hakumwambia mtu. Alikaa mikono mapajani, na tusidanganyane, moyoni alifurahi. Kisha yule mama naye akaanza kulia, bila sauti, huku bado amembeba mtoto.

"Msugue kisigino," fundi akasema, macho ukutani. "Cha kushoto. Taratibu, dada."

Mama akasugua. Fundi akaomba kimoyomoyo mkono ule ukosee. Kilio kikashuka, kikawa kwikwi. Kitufe akalaza kichwa begani kwa mama yake, akafumba macho, wala hakugeuka kumtazama shangazi alipokaa.