Samaki Wasiotakiwa Kuonekana

Gari lilipoacha lami na kuanza kushuka bondeni, nje kidogo ya Riyadh, nilimuuliza dereva, Jabir, Mzanzibari aliyezaliwa Jeddah, kama wanawake wale wote waliojaa nyuma yetu walikuwa wamejitolea.

"Wote kwa hiari, bibie. Kila nyumba ya mtaa wao, Al-Naseem, imetoa mtu mmoja."

"Hiari ya nani?"

"Ya nyumba."

Nimeona kujitolea katika nchi nyingi, lakini kwa mpangilio kama huu, bado. Nilikuwa nimetoka Jeddah kwa basi kuja kuandika habari za Madam Hana, mwanzilishi wa mradi wa kurudisha samaki kwenye kijito kilichokuwa kimekufa kwa takataka. Nilimkuta chini ya mwavuli akiwaeleza wageni kwamba jamii ikiamua, hakuna linaloshindikana. Jamii yenyewe ilikuwa majini hadi magotini, ikiopoa matairi na kupanga mawe ili samaki wapate pa kuzalia.

Nilivua viatu nikaingia, nikasimama karibu na Selipher, mama wa Homa Bay, mtumishi wa nyumbani kwa Madam Hana. Kabla ya mradi huu hakuwa akivuka geti ila kwenda kutupa taka. Sasa kila Ijumaa alikuwa na jua, maji, na wenzake wa kucheka nao.

"Chungulia hapo, chini ya jiwe," aliniambia.

Vitoto vya perege, kundi zima.

"Lakini hujaona kitu, sawa, dada? Samaki wakirudi, mradi halas. Mradi ukiisha, mimi narudi kwa pasi na vyombo, Ijumaa kama Jumatatu."

Madam alipokuja kuinama majini, Selipher alikoroga tope kwa jembe. Maji yakawa kama chai ya maziwa.

"Wamerudi?"

"Mafi, madam," alijibu kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Mafi kabisa, hakuna hata mmoja."

"Subira, Selipher. Usikate tamaa."

Aliyemsaliti ni yangeyange. Alitua kwenye jiwe, akadona, akainua kichwa huku mkia wa samaki ukipapatika mdomoni. Vigelegele vikapigwa chini ya mwavuli. Madam alimkumbatia Selipher, matope na yote.

"Tumefaulu! Kuanzia Ijumaa ijayo mkae nyumbani mpumzike."

Selipher hakuonekana mtu aliyefaulu. Alimtazama yule ndege.

"Na huyu, madam, nani atamfukuza? Atawamaliza."

"Kweli! Tutaagiza mlinzi kutoka nje."

"Wazo zuri, madam. Hata mimi niliagizwa. Nilichukua miezi saba kufika."

Yangeyange alikuwa akimeza wa pili.

"Basi utalinda wewe," alisema Madam, "mpaka viza ya huyo mlinzi itoke."

"Haya, madam. Kama hakuna mwingine."

Jabir alipiga honi. "Yalla, twendeni, akina mama!"

Selipher alipanda, akatoa kichwa dirishani. "Dada, wewe umetembea, unajua watu. Hao wa viza, waambie wasijichoshe!"

Gari lilipanda kilima kwa vicheko. Mimi nilibaki. Madam Hana alikuwa amenimiminia kahawa, na alitaka kunieleza, tangu mwanzo, jinsi alivyoifanya kazi hii.